Mahari ya Marki Milioni Mia Tatu

"Specioza! Hizi ni pauni ngapi?"

Hilo ndilo swali lililotukatisha Jumamosi iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyepumua vizuri katika sebule ile ya Mzee Rutashobya, huko Kiseke.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Ni Desemba 1967. Mzee Anatory Rutashobya, karani mstaafu wa kahawa, Mhaya mwenye suti tatu, amekataa mahari ya ng'ombe kwa kuwa hana pa kuwalaza. Amekataa na shilingi, kwa kuwa shilingi yetu, anasema, ina mwaka mmoja na nusu tu na bado inanyonya. Anataka pauni sitini za Mwingereza. Bila hizo, binti yake Specioza haolewi na Chenge, fundi wa kinu cha pamba.

Baba yake Chenge, Mzee Ndalahwa wa Kisesa, hana pauni hata moja. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imemwachia ng'ombe wanne. Alichonacho ni noti tatu za Kijerumani alizoachiwa na marehemu baba yake, na kila moja imeandikwa marki milioni mia moja.

Mshenga wake, Shimba, ndiye aliyezibwaga mezani, kando ya birika la chai.

Specioza alisikia yote akiwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, amekaa juu ya debe. Mwanamwali haingii katika kikao cha mahari yake, wala sauti yake haisikiki. Lakini yeye ndiye karani wa dirisha la fedha za kigeni benki, mjini Mwanza. Nyumba nzima hakuna mwingine aliyewahi kuiona marki. Kwa hiyo wazee walikuwa wameamua aulizwe, ila majibu yapitie kwa shangazi yake, Teodora.

"Umesikia swali la baba yako?" Teodora aliingiza kichwa ndani ya pazia.

"Nimesikia, Shangazi. Waulize kwanza, ni marki za mwaka gani?"

Kichwa kilitoka. "Anauliza umri."

"Umri wa nini?" Shimba alicheka. "Anaolewa na noti? Mwambie atutajie bei ya benki. Ya leo!"

Kichwa kilirudi. Specioza alisogeza debe karibu na pazia. Bei ya leo aliijua kuliko namba ya nyumba yao. Kila asubuhi simu ya maandishi ilikuja kutoka Dar es Salaam, naye akaiandika kwa chaki kwenye ubao.

"Pauni moja ni marki tisa na senti sitini," alinong'ona. "Lakini Shangazi, hizo ni marki mpya. Hizi za kwao ni..."

Kichwa kilikuwa kimeshatoka.

"Tisa na senti sitini!" alitangaza Teodora, ambaye alipenda kupeleka habari zikiwa bado za moto.

Shimba aligeuza pakiti ya sigara na kuanza kugawanya nyuma yake. Aligawanya kwa sauti. Alikosea, akafuta kwa mate, akaanza upya. Mzee Ndalahwa alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake akizaa.

Hatimaye Shimba aliweka kalamu chini.

"Pauni milioni thelathini na moja," alisema taratibu, "laki mbili na nusu."

Sahani ya karanga ilianguka yenyewe. Au labda ni goti la Mzee Rutashobya.

"Mahari ni pauni sitini," alisema Rutashobya, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Mimi... mimi sina chenji."

"Chenji kaa nayo, mkwe!" Shimba alimpigapiga mgongoni. "Sisi Wasukuma hatusubiri chenji."

"Wabeja, wabeja," alishukuru Mzee Ndalahwa, bila kujua anamshukuru nani.

Teodora hakuweza kujizuia. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, cha nguvu, kikatoka dirishani, kikavuka uzio wa minyaa na kuingia nyumba ya tatu.

Na nyumba ya tatu, ndugu zangu, ndiko anakoishi Balozi.

Ndugu Venant, Balozi wa nyumba kumi, aliingia bila kubisha, daftari kwapani. Kwa miezi kumi tangu Azimio la Arusha, alikuwa akiandika kila mwezi neno lile lile: "Mabepari: hakuna." Balozi wa upande wa pili alishampata mmoja mwenye nyumba mbili za kupangisha. Jambo hilo lilimnyima Venant usingizi.

"Shikamooni wazee. Nimesikia furaha."

"Marahaba, Balozi," alisema Rutashobya. "Binti ameposwa. Kwa pauni milioni thelathini na moja."

Venant alisimama wima. Macho yake yalianza kung'aa.

"Ngapi?"

"Na laki mbili na nusu," aliongeza Shimba, mjinga yule.

"Katika nyumba kumi zangu!" Venant alifungua daftari kwa pupa. "Za nani?"

Vidole vyote vilimwelekea Mzee Ndalahwa.

"Ndugu Ndalahwa, wewe ni bepari."

"Mimi nina ng'ombe wanne," alisema Ndalahwa.

"Na marki milioni mia tatu."

"Na suruali hii."

"Andamana nami ofisini. Mali kama hii si ya mtu mmoja. Nchi nzima inajenga kwa jembe, wewe umekalia bajeti ya Serikali huko Kisesa!"

Shimba aliona mambo yanageuka, naye akageuka nayo. "Balozi, ngoja! Tunatania tu. Hizi ni karatasi. Hazina thamani hata ya kufungia karanga!"

"Hazina thamani?" Rutashobya aliruka. "Basi posa imekufa! Chukueni kofia zenu!"

"Zina thamani, mkwe, zina thamani kidogo..."

"Kidogo kiasi gani?" Venant alinoa kalamu. "Hata kidogo ni kosa."

Shimba alipangusa jasho. "Tuseme hivi. Kwa mambo ya mahari, zina thamani. Kwa mambo ya Chama, hazina."

"Fedha haiwezi kuwa na thamani upande wa meza huu, ikakosa upande ule!"

"Nani kasema haiwezi? Benki wanafanya hivyo kila siku!"

Nyuma ya pazia Specioza alikuwa ameshika kichwa. Aliona jinsi alivyobanwa. Akisema noti ni mali, baba yake Chenge anapelekwa ofisini kama mnyonyaji. Akisema si mali, posa inavunjika. Chenge alikuwa amengoja miaka miwili. Kila Ijumaa alipita benki na kusimama kwenye foleni ya fedha za kigeni, yeye ambaye hajawahi hata kufika Kisumu, ili tu afike dirishani na kusema, "Habari za leo, dada?"

"Shangazi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Waambie ukweli. Waambie noti zile hazinunui kiberiti."

Teodora aliingia mzima mzima safari hii, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Maneno hayo mimi sibebi."

"Shangazi, yule mzee atafungwa!"

"Atafungwa akiwa mkweo. Ukisema hivyo, atakuwa huru akiwa si kitu chako. Umeshaolewa huko nje, mtoto, unataka kurudi?"

Specioza alikuwa msichana wa haya. Benki, mteja akimkemea, yeye ndiye aliyeomba radhi. Lakini kupitia nafasi ya pazia aliiona mikono ya Mzee Ndalahwa. Mzee alikuwa anazikunja zile noti tatu, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayemfunika mtoto shuka, ili aende nazo ofisini zisichafuke.

Alisimama. Akapita chini ya mkono wa shangazi yake. Akatokea sebuleni.

"Mama yangu!" Teodora alijifunika uso kwa kanga. "Amejitoa mwenyewe!"

"Shikamooni," alisema Specioza, akapiga magoti. "Nisameheni. Noti hizo ni za mwaka 1923. Mwaka umeandikwa hapo, chini."

Alisema haraka haraka, macho sakafuni, kama mtu anayevuka mto kabla haujajaa.

"Kabla ya vita vya kwanza, pauni moja ilikuwa marki ishirini na kidogo. Ujerumani iliposhindwa vita ilikuwa na madeni, ikachapa noti. Ikachapa tena. Kufika Novemba 1923, pauni moja ilikuwa marki trilioni kumi na nane. Mkate mmoja marki bilioni mia mbili. Watu walipokea mshahara na kukimbia nao dukani, kwa kuwa ukitembea bei inapanda. Watoto walitengenezea tiara. Mwishowe Serikali yao ikaleta marki nyingine, ikasema trilioni moja za zamani ni moja ya sasa. Nayo hiyo ikaja kubadilishwa baada ya vita vya pili. Bei niliyoitaja ni ya hiyo iliyokuja mwisho."

"Trilioni ni nini?" aliuliza Shimba.

"Milioni, mara milioni."

Shimba aligeuza pakiti yake ya sigara upande mmoja na wa pili, akaona haitoshi, akairudisha mfukoni.

"Na milioni mia tatu?" Venant aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Hazikununua hata chembe ya ule mkate, Balozi. Samahani."

Daftari lilifungwa. Ndugu Venant alionekana kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Mzee Ndalahwa alizikunjua tena noti zake. Sasa aliuliza polepole.

"Binti, Mjerumani aliyempa baba yangu noti hizi alikuwa mnunuzi wa ngozi. Alirudi huku mwaka ishirini na sita. Baba alimbebea ngozi miaka miwili, kutoka Magu hadi ziwani, kwa kichwa. Siku ya kuondoka akamlipa hizi tatu. Akamwambia, usiziuze, wewe sasa ni tajiri." Alizigeuza noti. "Siku hiyo ya kumlipa, huyo mtu alijua?"

Kuna maswali ambayo chuoni hawafundishi kuyajibu. Specioza alitamani sakafu impokee.

"Alijua, baba."

"Mzee alikufa anatusisitiza tusiziuze," alisema Ndalahwa. "Na kweli hatukuziuza."

Hata Shimba alitazama pembeni. Mtu mwenye moyo angemwacha mzee yule na msiba wake. Lakini Mzee Rutashobya alikuwa amekwisha poteza pauni milioni thelathini na moja ndani ya robo saa, na alihitaji mtu wa kumlaumu.

"Nilisema mimi! Nilisema! Marki ni takataka. Ndiyo maana nikataka pauni. Pauni haijawahi kumtupa mtu!"

"Baba," alisema Specioza, "pauni nayo iliugua mwezi jana."

"Nani amekuuliza?"

"Ilishushwa tarehe kumi na nane. Mwezi Oktoba ilikuwa shilingi ishirini, leo ni kumi na saba na senti kumi na nne. Mimi mwenyewe niliifuta ubaoni. Pauni zako sitini zimepungua shilingi mia moja sabini na moja, Baba. Kwa usiku mmoja. Ungetaka shilingi, ungekuwa..."

"Shilingi gani? Hii inayonyonya?"

"Hii hii, Baba. Yenyewe haikushuka."

Shimba alijipiga kofi pajani. "Kumbe mtoto mchanga amemshinda babu yake mieleka!"

Hapo ndipo Mzee Rutashobya alipofanya jambo ambalo mkewe, Mungu amrehemu, alimkataza maisha yake yote. Alikasirika mbele ya wageni.

"Pauni haifi!" alinguruma. "Mnataka kuona fedha? Nitawaonyesha fedha!"

Aliingia chumbani. Kabati lililia. Alirudi na soksi nyeusi ya sufu, akaikung'uta juu ya meza.

Zikatoka karatasi tano kubwa, nyeupe, zenye maandishi meusi ya mkono mzuri kama vyeti vya ndoa.

"Pauni tano. Kila moja. Mwingereza mkaguzi wa kahawa alinipa mwaka hamsini na mbili nilipomuuzia pikipiki. Tazameni! Hapana picha ya mnyama, hapana rangirangi. Fedha yenye heshima haijipambi!"

Shimba aliichukua moja, akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu.

"Mkwe, huku wino uliwaishia?"

"Weka chini, mshamba wewe!"

Specioza alizitambua mara moja. Noti zile nyeupe zilikuwa zimekomeshwa tangu Machi 1961. Leo ukizipeleka dukani London, watakurudishia. Lakini benki kuu yao bado ilizibadilisha kwa yeyote atakayezipeleka. Zilikuwa zimekufa, na zilikuwa hazijafa.

Na mtu mmoja mezani pale alikuwa ameanza kufufuka.

"Mzee Rutashobya," alisema Balozi Venant kwa upole wa kutisha, daftari likifunguka lenyewe, "hizi ni fedha za kigeni?"

"Ni za kigeni hasa!"

"Na zimekaa kabatini, hazikupelekwa benki kama sheria inavyotaka?"

Rutashobya aliitazama soksi. Alianza kuelewa, lakini soksi ilikuwa imekwisha fumuka.

"Specioza," Venant alimgeukia, "wewe ni mtu wa benki, na binti yake. Umesema za Ndalahwa zimekufa, nimekubali. Sema na hizi. Zimekufa, au zina thamani?"

Neno moja tu lilihitajika. Zimekufa. Kwa upande mmoja lingekuwa kweli kabisa, na baba angelala kitandani kwake.

"Balozi," alianza, "noti nyeupe za pauni tano zilikwisha..."

"Thubutu!" Baba yake aligonga meza. "Thubutu kuiua pauni ndani ya nyumba yangu! Zina thamani! Andika, Venant! Andika kwa wino!"

Venant aliandika kwa wino.

"Pauni ishirini na tano. Amekiri mwenyewe. Mzee, vaa viatu. Huko kituoni utaeleza ulikuwa unazificha kwa ajili ya nani, na binti naye ataulizwa, maana anakaa dirisha hilo hilo la fedha za kigeni."

Mzee Rutashobya alitazama miguu yake kama vile viatu vilikuwa jambo jipya duniani. Kwa mara ya kwanza Specioza aliona kwamba baba yake alikuwa mzee.

"Ni zangu."

Wote waligeuka. Aliyesema ni Mzee Ndalahwa.

"Hizo nyeupe ni zangu," alirudia, taratibu. "Nimezileta mimi leo, kutoka Kisesa. Ni mahari ya mwanangu. Ameziweka tu kwenye soksi yake."

"Mzee Ndalahwa!" Shimba alimvuta shati. "Umerukwa na akili?"

"Nyamaza. Mshenga, hesabu. Tumeleta ngapi?"

Shimba aliangalia meza, akaangalia Balozi, akaangalia mzee wake. Uso wake ulipambazuka.

"Ishirini na tano, katika zile sitini. Mbele ya Balozi kama shahidi!"

Teodora alitoa uso ndani ya kanga. Venant alikuna kichwa. Kwa miezi kumi hakupata bepari hata mmoja, sasa wawili wanapokonyana kosa.

"Mzee Rutashobya," aliuliza, "ni kweli? Hizi ni mahari uliyopokea kwa mtu huyu leo?"

Mzee yule alisimama njia panda. Akisema si kweli, ni mahabusu. Akisema kweli, binti yake ameolewa kwa fedha za soksi yake mwenyewe. Alitazama zile karatasi tano alizozitunza miaka kumi na tano. Alimtazama Msukuma yule mwenye suruali moja. Akakohoa.

"Na zile thelathini na tano zilizobaki," alimwuliza Ndalahwa kwa ukali, "utaleta lini?"

"Mungu akipenda, baada ya pamba."

"Basi nimepokea."

Kigelegele cha pili kilianza na kufa kooni mwa Teodora, kwa sababu Balozi alikuwa amemshika Mzee Ndalahwa mkono.

"Kama ni zake, kosa ni lake. Yeye ndiye aliyetembea na fedha za kigeni kutoka Kisesa. Naandika maelezo, mashahidi mtie sahihi, kisha twende."

Aliandika. Shimba alitia sahihi huku akilia. Teodora alichovya kidole gumba. Mzee Rutashobya alitia sahihi ndefu yenye mkia, ila hakumtazama mtu machoni.

Mzee Ndalahwa alivaa kofia yake. Alipopita karibu na Specioza alisimama.

"Mkamwana," alimwita hivyo kwa mara ya kwanza, "usilie. Baba yangu alifanya kazi miaka miwili akapata karatasi. Mimi nalala mahabusu siku mbili, napata mtoto. Nani amepata bei nzuri?"

Kalamu ilifika mikononi mwa Specioza. Mbele yake palikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, na chini yake Balozi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KARANI WA BENKI.

Akitia sahihi, Chenge ni wake, na mtu asiye na hatia anakwenda kituoni kwa soksi ya baba yake. Asipotia, anakwenda baba yake, na mahari aliyokwisha kuipokea inageuka uongo.

Aliinama. Akaandika neno moja, na halikuwa jina lake.

Balozi Venant alilisoma. Akamwachia Mzee Ndalahwa mkono. Akavua kofia, akakaa bila kukaribishwa.

"Binti," alisema kwa sauti iliyokauka, "unajua ulichoandika hapa?"

"Najua, Balozi," alisema Specioza. "Na Jumatatu nitalirudia mbele ya meneja wangu."

Neno lenyewe, ndugu zangu, ni la Jumamosi ijayo.